Msinifanye Shahidi wa Kiingereza: Jibu kwa Wanaotutolea Mfano Sisi Tuliosoma kwa Kirusi

Imekuwa desturi sasa. Kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapozuka, iwe gazetini, redioni au barazani, haupiti muda hajatokea mtu akaleta hoja anayoiona kuwa ndiyo ya kufunga kikao. Husema hivi: "Mbona vijana wetu walipelekwa Urusi hawajui hata kuamkia kwa Kirusi, wakasoma kwa Kirusi, wakarudi madaktari na wahandisi? Ikiwa wao waliimudu lugha ngumu kama ile, mtoto wa kidato cha kwanza atashindwaje na Kiingereza?" Kisha huketi akangoja makofi, na aghalabu huyapata.

Mimi ni mmoja wa vijana hao. Nilifika mji wa Voronezh mwezi Septemba 1986, nikakaa huko mwaka mmoja nikijifunza lugha, kisha nikahamia mji mwingine kusomea uhandisi kwa miaka mitano. Nilipomaliza mwaka 1992, nchi iliyonipokea haikuwapo tena kwenye ramani, ila lugha yake nilikuwa nayo, na ningali nayo. Kwa hiyo hoja ile inaponadiwa, mimi ndiye bidhaa inayonadiwa. Nimefanywa shahidi katika shauri ambalo hakuna aliyeniuliza nitasema nini. Leo naomba kusema. Namwomba msomaji wa ukumbi huu, aliyezoea kupima mizani na vina, apime na ushahidi huu kwa uangalifu uleule.

Neno langu la kwanza ni hili: sisi hatukusoma uhandisi wala udaktari kwa lugha tusiyoijua. Hilo ndilo wasemaji husahau, au hujisahaulisha. Umoja wa Kisovyeti uliwawekea wageni kitivo cha maandalizi, ambacho sisi wanafunzi tulikiita podfaki kwa kulifupisha jina lake la Kirusi. Mgeni asiyejua Kirusi hakuanza mwaka wa kwanza wa fani yake kabla hajapitia huko mwaka mzima wa masomo na kufaulu mitihani yake. Hakuna aliyefikiri kwamba kijana atatupwa katika ukumbi wa mihadhara ya kalkulasi, kisha lugha imwingie yenyewe kama maji yanavyoingia mtumbwini. Dola lile lilikuwa na makosa mengi, ila halikukosea kudhani kwamba lugha hujifunzwa kwa kusikia-sikia ubaoni.

Na mwaka huo ulikuwaje? Darasa letu lilikuwa na wanafunzi wanane, kutoka Tanzania, Ethiopia, Yemen, Laos na Kongo ya Brazzaville. Hatukuwa na lugha moja ya kusengenyana, na nadhani tulipangwa hivyo kwa makusudi. Tulisoma siku sita za juma, Jumamosi ikiwamo. Mwalimu wetu alikuwa amesomea kazi moja tu, nayo ni kuwafundisha Kirusi watu wasiokuwa Warusi. Tulimwita kwa jina lake na jina la baba yake, kama ilivyo adabu yao, na hilo lilikuwa somo la kwanza: kwamba heshima nayo ina sarufi yake.

Wiki za mwanzo zilikwenda kwenye herufi na sauti. Msomaji asiyeijua alfabeti ile ajue kwamba inamchezea mtu aliyezoea herufi zetu. B husomwa V, H husomwa N, P husomwa R, C husomwa S. Bango la mkahawa limeandikwa PECTOPAH, na usipofundwa utalisoma "pektopa", kumbe ni "restoran". Ukishazizoea herufi za chapa, unaletewa mwandiko wa mkono, ambamo herufi ya T hugeuka ikafanana na m yetu, na herufi ya D ikafanana na g. Tuliandika kurasa kwa kurasa kama watoto wa chuoni wanaojifunza kuandika alifu na be. Kwa sauti tulipewa vioo vidogo, tuangalie midomo yetu wenyewe tunapoitafuta irabu moja ambayo Kiswahili hakina.

Halafu mkazo. Sisi tumelelewa katika lugha ambayo mkazo wake hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hata ile tofauti ya barabara tunayopitia na barabara ya kukubali jambo sawasawa tunaiona kama ajabu. Katika Kirusi ajabu hiyo ndiyo kawaida. Mkazo hutembea, na vitabu vya kawaida haviuandiki. Neno moja likikazwa mwanzo ni ngome ya mfalme, likikazwa mwisho ni kufuli. Jingine likikazwa mwisho ni unga, likikazwa mwanzo ni mateso. Wenzangu walisema kwamba kwa mwanafunzi mwenye njaa hayo mawili hayatofautiani sana.

Ikaja sarufi. Nomino hubadili mwisho wake kwa uhusika sita, na kila uhusika una umoja na wingi. Hapo mimi na Mtanzania mwenzangu hatukushtuka kama walivyoshtuka wengine. Aliyelelewa na ngeli za Kiswahili anajua tangu utotoni kwamba neno moja laweza kuvuta sentensi nzima ifuate umbo lake. Kilichotushika koo ni hesabu. Rubli moja ni *rubl*. Zikiwa mbili, tatu au nne ni *rublya*. Zikifika tano ni *rubley*, na ishirini na moja hurudi tena kuwa *rubl*. Hutanunua mkate sawasawa bila ya kuijua kanuni hiyo. Vitenzi vya mwendo navyo vilikuwa bahari nyingine. Sisi tuna *kwenda*, na inatutosha. Wao wana kitenzi cha kwenda kwa miguu na kitenzi cha kwenda kwa chombo. Kisha kila kimoja kina mwenzake wa kwenda mara moja upande mmoja na wa kwenda na kurudi au kwenda kwa mazoea. Ukisema umekwenda Moscow kwa kile kitenzi cha miguu, umewaambia watu kwamba umetembea kilomita mia tano kwa viatu vyako.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu yana uzito katika hoja. Kila kitu nilichokitaja kilifundishwa. Kilipangwa, kikagawanywa katika hatua, kikarudiwa, kikapimwa. Hakuna kilichoachwa kwa bahati.

Na darasani ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa mji mzima. Katika maduka mengi ya siku zile ulipanga foleni tatu kwa kitu kimoja. Ya kwanza kukiona kitu na kuijua bei, ya pili kumlipa mtunza fedha, ya tatu kurudi na risiti ukabidhiwe. Ukifika kwenye foleni hushiki tu mkia. Unauliza nani wa mwisho, anajibu, na tangu hapo nafasi yako inajulikana hata ukisogea pembeni. Kwa mtunza fedha unataja idara na kiasi kwa sarufi iliyonyooka, naye huku akipigapiga hesabu kwa shanga za mbao zilizotungwa kwenye nyaya, wala hana nafasi ya kukusubiri utafute kiambishi. Hakuna mtihani wa sarufi ulionifundisha tarakimu kama foleni ya pili ya duka la mikate.

Bwenini kulikuwa na jiko moja la ghorofa nzima. Hapo Mwethiopia alikaanga viungo vyake, Mlao akachemsha wali, na sisi tukasonga ugali wa semolina, kwani unga wa mahindi haukupatikana. Wenyeji walipita na sufuria za viazi na uji wa buckwheat wakauliza ni nini kile, na ilitubidi tujibu kwa Kirusi, sababu hapakuwa na lugha nyingine kati yetu. Chumbani niliishi na Mlao na kijana wa Kisovyeti. Mlangoni pa bweni aliketi bibi wa zamu. Majira ya baridi yalipofika, zebaki ikashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, alikataa kabisa kututoa nje bila kofia, na karipio lake lilikuwa refu, lenye vitenzi vya amri vya kila namna. Ukiondoka umevaa kofia ulisifiwa kwa kitenzi cha jambo lililokamilika. Mtu hawezi kulipia fedha ualimu wa namna ile.

Kwa ufupi, Kirusi kilikuwa hewani. Kilikuwa dukani, kwenye tramu, sinema, redioni, kwenye ngazi za bweni. Usiku tuliota kwacho. Muhula wa pili ulipoanza ndipo tulipoletewa hisabati, fizikia na kemia kwa Kirusi, tena kwa walimu waliojua kuwa wanafundisha wageni, wakaandika kila neno jipya ubaoni na kuweka alama ya mkazo. Nasi tulikuwa watu wazima tuliokwisha kumaliza kidato cha sita. Kani tulikuwa tunaijua ni nini. Tulichokuwa tukijifunza ni jina lake tu katika lugha ya wenyeji. Na pamoja na yote hayo, wapo wenzetu walioshindwa wakarudishwa makwao.

Sasa nawaomba wale walioniita shahidi wamtazame mtoto wa kidato cha kwanza katika shule ya kata.

Amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Anapoingia sekondari hupewa kozi ya kumwandaa ya wiki chache, ikiwa imefundishwa, kisha huletewa baiolojia, fizikia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Darasani hawapo wanane. Mwalimu wake wa fizikia hakusomea kufundisha lugha, na mara nyingi Kiingereza chenyewe kinamlemea. Basi hueleza kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza, na mtoto hunakili asichokielewa ili akakikariri. Akitoka nje ya darasa, Kiingereza hakipo. Hakipo sokoni, hakipo kisimani, hakipo kwenye daladala wala nyumbani. Hakuna bibi wa zamu wa Kiingereza. Na kani, ambayo mimi nilikwenda nayo Voronezh tayari nikaibadilishia jina, yeye hana bado. Anatakiwa apate kitu na jina lake kwa wakati mmoja, gizani.

Mpwa wangu aliniletea daftari lake la fizikia akiwa kidato cha pili. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula. Nikamwuliza msuguano ni nini. Akanieleza vizuri kabisa, kwa mfano wa baiskeli kwenye mchanga. Nikamwonyesha ukurasa wa daftari lake mwenyewe ulioandikwa habari hiyohiyo kwa Kiingereza. Hakujua kwamba ni kitu kimoja. Mtoto huyo alikuwa anaijua fizikia, na mtihani ulimwandika kuwa haijui. Hebu niambiwe, nani aliyefeli pale?

Basi tofauti ndiyo hiyo. Sisi tulikuwa wachache, watu wazima, tuliochujwa, tukapewa mwaka mzima, walimu waliosomea kazi hiyo, madarasa madogo na mji mzima wa kututia adabu. Yeye ni mmoja wa maelfu, mtoto, na hakupewa hata kimoja katika hivyo. Anayetulinganisha ni sawa na mtu aliyemwona baharia akivuka kwa jahazi, kisha akamsukuma mwanawe majini na kumwambia, "Mwenzio mbona alivuka?"

Neno langu la pili linahusu wenyeji wenyewe. Mnaposimulia habari zetu, mnawatazama wageni wanane waliokuwa wakihangaika na uhusika sita, mnasahau kuwatazama mamilioni waliotuzunguka. Vijana wa Kirusi niliokaa nao ukumbini walikuwa wanasoma uhandisi kwa lugha waliyonyonya. Waliuliza maswali bila ya kuogopa kuchekwa. Walibishana na mhadhiri. Walifanya mzaha juu ya sheria za Newton. Kama kuna funzo la kuchukua kutoka Urusi, la kwanza ni hilo: taifa lililorusha mwanadamu wa kwanza angani mwaka 1961 lilimfundisha fizikia mtoto wa mkulima kwa lugha ya mkulima.

Wala haikuwa hivyo tangu kale. Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg kilipoanzishwa mwaka 1724, wanazuoni wake wengi walikuwa Wajerumani na maandishi yake yalikuwa ya Kilatini. Wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa. Riwaya kuu ya Tolstoy juu ya vita na amani inafunguliwa kwa mazungumzo ya Kifaransa, sababu ndivyo kumbi zao zilivyokuwa. Na Tatyana, shujaa wa kike wa Pushkin katika *Eugene Onegin*, msichana Mrusi wa shamba, anaelezwa kuwa barua yake ya mapenzi aliiandika kwa Kifaransa kwa kuwa Kirusi cha kuandika kilimpa taabu. Nani kati yetu hajakutana na Tatyana wa kwetu?

Ndani ya hali hiyo alizaliwa Mikhail Lomonosov mwaka 1711, mwana wa mvuvi kutoka kaskazini ya mbali. Naye alipelekwa ughaibuni, Ujerumani, akasoma katika mji wa Marburg kwa lugha za watu. Aliporudi hakusema, "Mimi niliweza, nao waweze." Alichukua kitabu cha fizikia cha shule ya mwalimu wake Wolff, akakifasiri, kikachapishwa kwa Kirusi mwaka 1746, na mwaka uohuo akafungua mihadhara ya hadhara ya fizikia kwa Kirusi. Ilimbidi atafute maneno pasipokuwa na maneno. Akatunga sarufi. Chuo Kikuu cha Moscow kilichoanzishwa mwaka 1755 kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Huyo ndiye mfano wa msomi aliyetumwa nje akarudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ila kuna anayerudi ngamani na samaki, na kuna anayerudi na hadithi ya jinsi bahari ilivyokuwa kubwa.

Hapo hunyanyuka mwingine akasema, "Lakini Kiswahili hakina istilahi." Hoja hii ningeistahamili kama ingesemwa na mtu aliyefungua kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967. Maneno yapo, kinachokosekana ni darasa la kuyatumia.

Nami nina jambo la kusimulia juu ya istilahi, kwa kuwa nilizipokea za Kirusi moja moja, kila moja na maana yake mkononi. Mwongezeko wa kasi kwa Kirusi ni *uskorenie*, kutokana na neno lenye maana ya upesi. Kiswahili husema *mchapuko*, kutokana na kuchapuka. Njia ni ileile moja. Mwaka ule neno hilo la Kirusi lilikuwa pia wito wa serikali ya Gorbachev, likatajwa redioni kila siku, na darasani tulicheka tulipogundua kwamba sera ya taifa na sura ya pili ya kitabu cha fizikia ni neno moja. Msuguano kwa Kirusi ni *trenie*, kutokana na kitenzi cha kusugua. Sawa na sisi. Oksijeni ni *kislorod*, yaani kizaa-uchachu. Hidrojeni ni *vodorod*, kizaa-maji. Kaboni ni *uglerod*, kizaa-makaa. Ndege ya abiria ni *samolyot*, chenye kuruka chenyewe. Mrusi anayesema *trenie* hachekwi kwamba anasema neno la jikoni. Kwa nini Mswahili anayesema *msuguano* achekwe?

Wala Warusi hawakuwa na kiburi cha kukataa maneno ya watu. Koti ni *palto*, kutoka Kifaransa. Tai ni *galstuk*, na mkate uliopakwa siagi ni *buterbrod*, yote kutoka Ujerumani. Usanisinuru, ambao sisi tumeutungia jina zuri kabisa, wao waliuazima mzimamzima wakauita *fotosintez*. Na kompyuta waliitungia jina refu la maneno matatu, likafupishwa kwa herufi, kisha wenyewe wakaliacha wakachukua *kompyuter*. Hakuna aliyesema Kirusi kimekufa. Sisi tumeshinda miaka tukigombana kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kana kwamba lugha haiwezi kwenda shule mpaka mgogoro huo uishe. Lugha hutungiwa maneno kazini. Fundi hangoji nyumba ikamilike ndipo anunue nyundo.

Naijua hoja moja iliyo nzito, na sitaki kuikwepa, kwa sababu inatoka kulekule nilikosoma. Kirusi hakikuwa lugha ya mwanzo ya kila raia wa Kisovyeti. Yule kijana niliyelala naye chumba kimoja alikuwa Mkirgizi. Alisoma shule ya Kirusi tangu utotoni, na Kirusi chake kilikuwa safi kuliko cha Warusi wengine bwenini. Jioni moja nilimkuta ameshika barua kutoka kwa bibi yake mzaa mama, iliyoandikwa kwa Kikirgizi. Aliweza kuisoma, ila kuijibu aliandika kwa Kirusi, na jirani ndiye angemsomea bibi. Aliniuliza sisi Watanzania tunamwandikia bibi kwa lugha gani. Nikamwambia, Kiswahili. Akasema tuna bahati.

Naam, dola lile liliwatendea wengine kama lilivyotendewa na Kifaransa zamani, na atakayesema kwamba Kiswahili nacho kiangalie kisizimeze lugha ndogo za kwetu, atakuwa amesema haki. Lakini hoja hiyo haimwokoi Kiingereza. Inathibitisha kwamba hadhi ya lugha ni uamuzi wa watu, wala haikushushwa na mvua. Chinghiz Aitmatov, Mkirgizi, aliandika kwa lugha zote mbili na dunia ikamsoma. Walioamua kwamba mtoto asome kwa Kirusi waliamua. Nasi tunaamua kila mwaka tunaponyamaza.

Tena tumekwisha kuamua mara kadhaa, tukaogopa uamuzi wetu wenyewe. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1992. Mwaka 1992 ndio niliorudi na shahada yangu ya Kirusi. Nilikuta pendekezo limelala. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu na kuona kwamba Kiingereza cha wanafunzi ni dhaifu mno kuweza kuwafundishia katika shule nyingi. Na bado ushauri ukawa ni kukibakiza. Sera ya Elimu ya 2014 ikakipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote. Tangu 2021, UNESCO imetutengea Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, nasi huivalia vitenge na kuisomea mashairi. Kesho yake, Julai 8, mpwa wangu hurudi kunakili asichokielewa.

"Dunia ya leo ni ya Kiingereza," husema wa mwisho. Sikatai. Nakitaka Kiingereza, nakisoma, na ningependa kila mtoto wetu akijue. Ndiyo maana nataka kifundishwe. Kufundisha lugha ni jambo moja, na kufundishia kwa lugha ni jambo jingine. Anayeyachanganya huyakosa yote mawili. Kitivo cha maandalizi kilijua tofauti hiyo. Wekeni walimu waliosomea kufundisha Kiingereza kwa wageni, punguzeni wingi wa wanafunzi darasani, wapeni vitabu na sauti za kusikiliza, kipeni somo hilo muda wake tangu shule ya msingi. Fizikia iacheni ifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuuliza swali kwayo. Mtajikuta mna watoto wanaojua fizikia na Kiingereza pia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Wala hawakusema msala usitazamwe.

Na kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa washairi, nami naweka beti tatu zangu, zipimwe:

Nilikwenda ugenini, lugha ngeni kujifunza,
Nikakaa darasani, mwaka mzima kuanza,
Hapakuwa mtihani, mpaka wamenifunza,
Mtoto wetu nyumbani, kwa lughaye mfunzeni.

Mchapuko ni la kweli, neno safi la kutosha,
Kani, tungamo, halali, nishati inayowasha,
Wadaio ni dhalili, wanafunzi wapotosha,
Mtoto wetu nyumbani, kwa lughaye mfunzeni.

Kiingereza twataka, kama somo kifundishwe,
Kwa walimu wa hakika, na vitabu vichapishwe,
Si ukuta wa kuweka, watoto wakakwamishwe,
Mtoto wetu nyumbani, kwa lughaye mfunzeni.

Atakayenipinga anakaribishwa kwa nathari au kwa shairi. Ninalomwomba ni moja: akitaka kututaja sisi wa Voronezh, Kiev, Tashkent au Moscow, atutaje pamoja na mwaka wetu wa maandalizi, walimu wetu, foleni zetu tatu na bibi wetu wa zamu. Akishaonyesha mahali ambapo mtoto wa kidato cha kwanza amepewa hivyo vyote, mimi nitarudi kizimbani.